Simu mpya haina tundu la hedifoni wala betri ya kutoa: nirudi kwenye ya zamani?

"Fundi, habari za kazi. Simu yangu ina miaka minane. Ina tundu la hedifoni, sehemu ya memori kadi, redio ya FM na betri unayoitoa kwa kucha. Siku hizi haikai na chaji, na mfuniko wake wa nyuma umeanza kuinuka, kwa hiyo nimeubana kwa mpira. Mwanangu amenizawadia simu mpya, nzuri sana, lakini haina hata kimoja kati ya hivyo vinne. Nimenunua adapta ya kuchomeka hedifoni zangu kwenye tundu la chaja. Kwenye simu ya mwanangu inatoa sauti, kwenye yangu iko kimya. Muuzaji anasema hedifoni zangu zimepitwa na wakati. Wengine wananiambia vitu hivi viliondolewa ili simu isiingize maji, wengine wanasema ni njama ya kutulazimisha kununua vitu upya. Ukweli ni upi? Na je, nirudi kwenye simu ya zamani au nizoee hii? Mama yangu husikiliza redio kwa ile simu kila jioni, bila bando, na hilo ndilo linaloniuma zaidi."

Salama kabisa, na asante kwa kueleza kwa kirefu, maana maelezo yako yamenionyesha jambo ambalo hukuliuliza. Huo mpira unaobana mfuniko unanitia wasiwasi kuliko adapta, kadi na redio kwa pamoja. Naomba tuanze nao, na ikiwezekana uushughulikie leo kabla hujamaliza kusoma.

Mfuniko wa simu hauinuki wenyewe. Unasukumwa na betri iliyovimba. Ndani ya betri ya lithiamu kuna matabaka membamba ya metali yaliyokunjwa pamoja, yametenganishwa na utando mwembamba kuliko unywele, na yote yamelowa kimiminika kinachoshika moto. Betri ikizeeka, hasa ikiwa imepigwa na joto kwa miaka, kimiminika hicho huanza kuoza na kutoa gesi. Gesi haina pa kutokea, basi betri inatuna. Sasa ukiibana kwa mpira, unayasukuma matabaka yakaribiane. Siku utando ukitoboka na pande mbili zikagusana, nishati yote iliyomo inatoka kwa mkupuo, na moto wake hauzimiki kirahisi.

Kwa hiyo ondoa mpira. Usiichaji tena hata mara moja. Izime, fungua mfuniko, toa betri kwa kidole taratibu, bila kuibinya na bila kutumia kisu. Mafundi tuna kipimo chepesi cha betri za aina hii: iweke juu ya meza bapa, kisha izungushe kwa kidole. Betri nzima hukwama pale pale kwa sababu imelala mezani kwa upana wake wote. Iliyovimba husimama kwenye kitumbo chake na kuzunguka kama pia. Yako naamini itazunguka. Iweke juu ya sakafu ya saruji au ya vigae, mbali na mapazia, karatasi na kitanda, kisha uifikishe kwa fundi au kwenye kituo kinachopokea taka za kielektroniki. Usiitupe kwenye pipa la taka za nyumbani, kwa kuwa huko itakandamizwa. Ikigoma kutoka, usilazimishe. Peleka simu nzima kwa fundi ilivyo. Na kama wakati wowote itapata joto yenyewe, ikatoa harufu kali yenye utamu ndani yake au ikaanza kufuka, acha kila kitu, toeni watu wote chumbani.

Ukishaitoa, tazama ulichofanya: umeondoa betri mbovu ukiwa nyumbani, kwa kucha, bila kifaa chochote. Kwa simu mpya hilo haliwezekani, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo hasara kubwa kuliko zote ulizozitaja, ingawa watu wengi hulilia zaidi tundu la hedifoni.

Acha nikueleze inavyokuwa mezani. Simu ya kisasa ikija na betri iliyochoka, naanza kwa kuupasha mgongo wake joto kwa dakika kadhaa mpaka gundi ilegee. Nabandika kinyonyeo cha mpira, navuta kidogo kidogo, napenyeza kadi nyembamba ya plastiki na kuizungusha ukingoni huku nimetega sikio. Mgongo wa kioo ukilia "tik", nimeshaupasua. Ndani nakutana na skrubu ndogo kama punje za ufuta, kebo za utepe zinazochanika ukizitazama vibaya, na betri yenyewe imegandishwa kwa gundi nyingine. Nikimaliza lazima niweke gundi mpya ukingoni, la sivyo uwezo wa simu kuvumilia maji umekwisha. Kazi iliyokuwa ya nusu dakika imekuwa ya saa nzima, na mwenye simu hawezi kuifanya mwenyewe.

Watengenezaji walikuwa na sababu. Betri ya kutoa inahitaji ganda gumu ili isichomwe na funguo ikiwa mfukoni, inahitaji chumba chenye kuta ndani ya simu, vipini vya chemchemi vya kupitishia umeme, na mfuniko unaofunguka. Vyote hivyo vinakula nafasi. Ukiifunga betri moja kwa moja ndani, unaweza kutumia pakiti laini isiyo na ganda, na nafasi iliyookolewa unaijaza betri kubwa zaidi. Hesabu hiyo ni ya kweli. Lakini hebu tuangalie ilivyotumika mwanzoni. Samsung Galaxy S5 ya mwaka 2014 ilikuwa na betri ya kutoa ya mAh 2,800 (mAh ni kipimo cha chaji ambayo betri inaweza kubeba) na unene wa milimita 8.1. Mwaka uliofuata ikaja Galaxy S6, betri imefungiwa ndani, unene milimita 6.8, na betri yake ilikuwa mAh 2,550. Yaani nafasi iliyopatikana ilienda kwenye wembamba na urembo wa kioo, na mnunuzi akabaki na betri ndogo kuliko ya awali isiyotoka. Simu za leo zenye mAh 5,000 zilikuja baadaye sana, na sehemu ya ukubwa huo imetokana na simu zenyewe kuwa kubwa.

Mwaka 2016 ulituonyesha upande mwingine wa jambo hili. Galaxy Note 7 ilipoanza kushika moto kwa sababu ya kasoro za betri, watu hawakuweza kurudisha betri peke yake. Walilazimika kurudisha simu nzima, na hatimaye modeli ile ikaondolewa sokoni kabisa.

Habari njema ni kwamba mambo yameanza kugeuka, na msukumo umetoka kwenye sheria. Tangu tarehe 20 Juni 2025, simu zinazoingizwa kwenye soko la Umoja wa Ulaya zinatakiwa kuwa na betri inayobaki na angalau asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 800 ya kuchaji, na vipuri vyake vipatikane kwa miaka 7 baada ya modeli kuacha kuuzwa. Simu yenye betri inayodumu hata zaidi ya hapo, na inayovumilia maji, inaruhusiwa kubaki ya kufunguliwa na fundi tu. Unaweza kusema Ulaya ni mbali. Lakini kampuni hazipendi kutengeneza simu mbili tofauti kwa masoko mawili. Sheria nyingine ya Ulaya ilipodai tundu moja la chaja kwa simu zote kuanzia tarehe 28 Desemba 2024, Apple ilikuwa imeshabadilisha tundu la iPhone 15 mwaka 2023, na ilibadilisha kwa wanunuzi wa dunia nzima.

Sasa nije kwenye maji na njama. Wanaokuambia vitu viliondolewa ili simu isiingize maji wamesikia nusu ya habari. Ile Galaxy S5 niliyoitaja ilikuwa na betri ya kutoa, tundu la hedifoni na sehemu ya kadi, na bado ilikuwa na daraja la IP67, yaani ilipimwa kuvumilia maji baridi safi kwa kina cha mita 1 kwa nusu saa. Mfuniko wake ulikuwa na ukanda mwembamba wa mpira kwa ndani uliozunguka betri. Galaxy S7 hadi S10, kuanzia 2016 hadi 2019, zilikuwa na tundu la hedifoni lililo wazi kabisa na daraja la IP68, linalovumilia maji zaidi ya IP67. Tundu linaweza kuzibwa kwa ndani hata kama kwa nje liko wazi. Kilicho kweli ni kwamba tundu pungufu ni kazi pungufu ya kuziba, na gundi ni rahisi kuliko mfuniko wenye mpira. Hiyo ni nafuu ya kiwandani. Usiichukue kama lazima ya kimaumbile.

Kuhusu njama, nadhani neno hilo linatupumbaza, maana linatufanya tutafute siri wakati mambo yalifanyika hadharani. Oppo ilitoa simu isiyo na tundu la hedifoni tangu 2012, ile Finder yenye unene wa milimita 6.65, kwa sababu ilitaka kushinda kwa wembamba. Apple ilipoliondoa kwenye iPhone 7, Septemba 2016, Phil Schiller, mkuu wa masoko wa Apple, alisimama jukwaani akasema sababu ni ujasiri, na katika hafla hiyo hiyo zikatambulishwa AirPods, hedifoni zake zisizo na waya. Mwezi mmoja baadaye Google ikaitangaza simu yake ya Pixel kwa kujivunia tundu lake, kisha Pixel 2 ya 2017 ikaja bila tundu. Samsung nayo, baada ya matangazo ya kuikebehi Apple, ilifuata njia hiyo hiyo kwa Galaxy Note 10 mwaka 2019. Nafasi ilihitajika kweli: pini ya hedifoni inaingia ndani ya simu kwa takribani milimita 14, na hapo kunaweza kukaa mota ya mtetemo, spika au kipande cha betri. Na fedha zilikuwepo pia, kwa sababu kampuni inayokuuzia simu isiyo na tundu ndiyo hiyo hiyo inayokuuzia hedifoni zisizo na waya. Sababu zote mbili zilienda pamoja na hakuna iliyofichwa. Ndiyo maana Sony iliweza kulirudisha tundu kwenye Xperia 1 II mwaka 2020, ikiwa simu ya bei ya juu, nyembamba na inayovumilia maji.

Adapta yako ni nzima, na hedifoni zako ni nzima. Muuzaji amekupa jibu lisilo sahihi. Sauti ndani ya simu ni namba tupu, na sikio lako halisikii namba, linasikia wimbi. Lazima mahali fulani pawepo na chipu ya kuzigeuza namba kuwa wimbi la umeme linalotikisa spika za hedifoni. Simu yenye tundu la hedifoni ina chipu hiyo ndani yake. Tundu lilipoondolewa, watengenezaji wakagawanyika. Baadhi waliendelea kugeuza sauti ndani ya simu na kuipitisha tayari kupitia tundu la chaja la Type-C. Wengine wakaacha, wakawa wanatoa namba tu.

Adapta nazo zikawa za aina mbili, na kwa nje huwezi kuzitofautisha. Ya kwanza ni waya mtupu: upande mmoja Type-C, upande mwingine tundu la hedifoni, ndani hamna kitu. Hiyo inafanya kazi kwenye simu zinazotoa sauti iliyokwisha kugeuzwa, kama ile ya mwanao. Kwenye simu yako inasubiri wimbi ambalo haliji kamwe, ndiyo maana iko kimya. Aina ya pili ina chipu yake ndogo ndani, na inafanya kazi karibu kwenye kila simu yenye Type-C. Kwenye kasha lake tafuta herufi DAC, ndilo jina la chipu hiyo. Kama haziko, omba kuijaribu kwa simu yako mwenyewe, ukiwa na hedifoni zako, kabla hujalipa. Na kama hata yenye chipu itakuwa kimya, ingia kwenye mipangilio utafute neno OTG (huduma ya simu kutumia vifaa vinavyochomekwa kwenye tundu lake) uiwashe, kwani simu za baadhi ya kampuni huzima huduma hiyo zenyewe ili kuokoa chaji.

Kuna gharama mbili ndogo za adapta. Huwezi kuchaji na kusikiliza kwa wakati mmoja, isipokuwa ununue yenye matundu mawili. Pia tundu la chaja sasa linafanya kazi mbili na litachoka mapema, basi usitembee na simu mfukoni adapta ikiwa imechomekwa na kupinda. Likianza kulegea, mara nyingi tatizo ni nyuzinyuzi za nguo zilizoshindiliwa ndani. Zima simu, zichokonoe polepole kwa kijiti cha meno cha mbao. Pini ya chuma usiitie humo.

Huenda mtu akakushauri uachane na waya kabisa. Hedifoni zisizo na waya ni nzuri kwa mtu anayefanya mazoezi au anayepika huku anaongea na simu, sizipingi. Ila ujue unachonunua. Kila kipande kina betri yake ya mAh chache tu, imezingirwa na gundi, na inachajiwa na kuisha kila siku. Baada ya miaka miwili au mitatu ya matumizi mazito utaona kipande kimoja kinazima kabla ya mwenzake, na mara nyingi hakuna fundi atakayekufungulia bila kukivunja. Sauti nayo huchelewa kidogo kufika, kitu ambacho hukioni kwenye muziki ila utakiona ukipiga kinanda cha kwenye simu. Hedifoni zako za waya hazihitaji chaji wala kuunganishwa. Zitunze.

Suala la kadi lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Sababu wanayoitoa watengenezaji ni kasi, na ni ya kweli: memori kadi za aina iliyozoeleka kwenye simu zina ukomo wa megabaiti 104 kwa sekunde, wakati hifadhi ya ndani ya aina ya UFS 3.1 husoma takribani megabaiti 2,000. Programu zikiwekwa kwenye kadi, simu inakuwa nzito na lawama zinaenda kwa mtengenezaji. Lakini kadi haikuwahi kuwa na kazi ya kuendesha programu tu. Ilikuwa sanduku la picha. Simu ikianguka majini ikafa, ulichomoa kadi, ukaichomeka kwingine, na harusi ya dada yako ilikuwa salama. Hifadhi ya ndani imechomelewa kwenye bodi, na data zake zimefumbwa kwa ufunguo unaokaa kwenye bodi hiyo hiyo. Bodi ikifa, mara nyingi zimekwenda nayo. Nimekaa na watu walioweka simu mezani mwangu wakisema "simu sitaki, nataka picha tu", na kuwaambia haziwezi kurudi ni sehemu ngumu kuliko zote za kazi hii.

Kwamba kadi ilikuwa uamuzi wa biashara, Samsung yenyewe imetuonyesha: iliiondoa kwenye S6 mwaka 2015, ikairudisha kwenye S7 mwaka 2016, ikaiondoa tena kwenye S21 mwaka 2021. Mtu asiye na kadi hununua simu yenye hifadhi kubwa zaidi, na tofauti ya bei kati ya hifadhi ndogo na kubwa ni faida nzuri.

Kwako wewe, kuna jambo moja la kuangalia kabla hujaichomoa kadi. Tangu Android 6 ya mwaka 2015, baadhi ya simu zinakuruhusu kuifanya kadi iwe sehemu ya hifadhi ya ndani. Kama uliwahi kukubali hivyo, kadi hiyo imefumbwa na inasomeka kwenye simu hiyo moja tu, na ukiifuta simu, umezipoteza picha. Fungua mipangilio ya hifadhi. Ikiwa kadi imeandikwa kama hifadhi ya kuhamishika, huna wasiwasi. Inunulie kisomeo kidogo cha kadi chenye Type-C, kichomeke kwenye simu mpya, na picha zote utazihamisha bila intaneti. Ikiwa imeunganishwa na hifadhi ya ndani, hamisha picha kwa kebo au kwa kompyuta huku simu ya zamani ikiwa inawaka. Hii ndiyo sababu nyingine ya kuipatia betri salama kwanza, kwa kuwa bila betri simu nyingi za aina hiyo haziwaki hata zikiwa kwenye chaja. Na kuanzia sasa uwe na nakala ya pili ya picha zako nje ya simu, iwe kwenye flashi au kwenye akaunti ya mtandaoni. Simu mpya haikupi tena sanduku la akiba.

Vingine vilivyotoweka nitavipitia haraka. Kile kitaa kidogo kilichokuwa kikimweka ukipata ujumbe, na kitufe cha chini cha kubonyeza, viliondolewa na kioo kilichopanuka mpaka ukingoni, hasa baada ya iPhone X ya 2017. Mwanga wa infraredi uliokuwezesha kugeuza simu kuwa rimoti bado uko kwenye simu nyingi za Xiaomi. Vitufe vya herufi vilishindwa kihalali na kioo cha kugusa, ingawa wako wanaovikumbuka, na siwalaumu.

Je, urudi kwenye simu ya zamani? Kwa simu ya kila siku, hapana. Simu ya miaka minane kwa kawaida haipokei tena masasisho ya usalama, na hapo ndipo penye hatari: benki yako, nywila zako na mawasiliano yako vinakaa kwenye mfumo wenye nyufa zinazojulikana ambazo hakuna anayeziziba. Mwanao amekupa zawadi nzuri, itumie. Iwekee adapta yenye chipu. Kwenye mipangilio ya betri, kama kuna chaguo la kuishia kuchaji asilimia 80, liwashe, na usiichaji ikiwa chini ya mto au juani, maana joto ndilo linalozeesha betri kuliko kitu kingine. Siku ukiona kioo au mgongo wake umeachana na fremu hata kwa upana wa karatasi, hiyo ni betri inavimba, kama ya mwenzake. Hapo usijaribu kuifungua mwenyewe. Mpelekee fundi siku hiyo hiyo ikiwa imezimwa.

Kama umeshaijaribu na moyo umekataa, simu mpya zenye vitu unavyovitaka zipo. Tundu la hedifoni na kadi bado viko kwenye simu nyingi za bei ya kati na ya chini, hata baada ya kutoweka kwenye zile za bei ya juu. Galaxy XCover7 ya 2024 ina betri ya kutoa kwa mkono, tundu la hedifoni, sehemu ya kadi na daraja la IP68, vyote kwa pamoja, ingawa ni nene na kamera yake ni ya kawaida. Fairphone 5 ya 2023 unaibadilisha betri mwenyewe na ina sehemu ya kadi, ila tundu la hedifoni haina.

Tumebakiwa na redio ya mama. Adapta haitakusaidia hapa, na sababu yake iko kwenye waya. Mawimbi ya FM yana urefu wa karibu mita 3, na antena ya kuyanasa vizuri inatakiwa iwe karibu robo ya hapo, yaani sentimita 75. Simu yenyewe haifiki hata sentimita 20. Ndiyo maana simu ilikudai uchomeke hedifoni kwanza kabla redio haijafunguka: waya wa hedifoni ulikuwa antena. Tundu lilipoondolewa, redio ilipoteza antena yake, na watengenezaji wengi hawakuona haja ya kuihangaikia. Redio za kwenye intaneti zipo, lakini zinakula bando, na mtandao ukikatika nazo zimekatika.

Basi simu ya zamani mpe mama iwe redio yake. Mnunulie betri mpya inayolingana na namba iliyoandikwa kwenye ile ya zamani. Angalia tarehe ya kutengenezwa, kwani betri iliyokaa rafuni miaka mitano imezeeka hata kama haijaguswa. Ikiwa nyepesi isivyo kawaida, au imeandikwa mAh nyingi kupita ya awali kwa umbo lile lile, iache. Mwombe fundi aipime kabla hujaichukua, na akague kama vipini vya ndani havijaliwa na kutu. Ukikosa betri nzuri kabisa, redio ndogo ya kawaida ni bora kuliko kubahatisha na betri ya mashaka.

Ikishawaka, hamisha picha, futa akaunti zako zote, toa laini na uiweke kwenye hali ya ndege. Kwenye simu nyingi FM inaendelea kufanya kazi na chaji inakaa muda mrefu zaidi. Chomeka hedifoni zozote za waya, hata zilizokufa upande mmoja, kisha ndani ya programu ya redio chagua sauti itoke kwenye spika ya simu ili mama asilazimike kuzivaa. Asiukunje waya kiganjani wala kuuviringisha kwenye simu. Auache uning'inie wima, karibu na dirisha. Kituo kikianza kukwaruza, ausogeze kidogo upande huu au ule mpaka kitulie.